Wodi Iliyoita Majina

Hebu niambie wewe: ukiitwa jina lako kutoka chumba kisicho na mtu, utaitika? Umefundwa usiitike. Hata mimi. Sasa sikiliza.

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, homa iliingia mji wa Mbalamo. Mgonjwa wake hakulia wala hakukohoa. Alilala macho wazi, akaita majina. Aliyeitwa, siku ya saba naye alilala macho wazi, akaita wengine. Hakuna aliyeamka. Watu wakaziba masikio. Mama alimwita mwanawe wa kumzaa. Mwana akahama mji.

Wodi ya kutengea wagonjwa ikabaki na wahudumu watatu.

Daktari Nyamizi, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza: miaka kumi na moja darasani na wodini, mkoa mzima yeye peke yake. Lusajo, daktari mwenye shahada na leseni, miaka minne hana ajira. Kila interview, "Experience yako?" Basi anajitolea. Volunteer, yaani punda mwenye cheti. Na Bi Sikudhani, mwosha sakafu.

Aliyeitika ni Bi Sikudhani. Mgonjwa akimwita jirani yake, "Havijawa!" yeye hujibu kwa niaba yake, "Abee, nipo."

"Bi Siku, utakuja kuitwa wewe!" Nyamizi akamkemea.

"Mtu anakufa anaita, Daktari. Nimnyamazie kama mbwa?"

Na aliyeitikiwa alitulia, akasema: Havijawa, ulininywesha uji. Havijawa, ulinishika mkono msibani.

Lusajo akasikia, akashtuka. Kumbe wanaoitwa ni waliomgusa mgonjwa! Akayaandika majina, akazunguka nyumba mia mbili kwa miguu, akawapata kabla ya siku ya saba.

Nyamizi akapima damu, akaitambua homa, akaagiza sindano ya kinga. Waliopatikana wakachomwa. Wakapona wote.

Mgonjwa wa mwisho alikufa saa nne asubuhi. Vitanda vikaoshwa, mlango ukafungwa kwa kufuli. Saa sita, jua la utosi, wodi tupu ikaita:

"Nyamizi. Lusajo. Sikudhani."

Wakapimana damu. Wote wana homa ile. Sindano imebaki moja, na ukiigawa haimkingi yeyote. Wakapiga simu makao makuu. "Nyingine ziko kwenye mchakato. Vuteni subira."

Nyamizi akasema, "Nikifa, homa ijayo ataitambua nani? Mtasubiri miaka kumi na moja mingine?"

Lusajo akacheka kwa uchungu. "Dokta, be serious. Wewe umeshaitwa bingwa. Mimi hata kuitwa kazini sijaitwa, leo naitwa na maiti! Bila miguu yangu ungemchoma nani? Ukuta?"

Bi Sikudhani akaegemea fagio lake. "Mimi sina shahada, wanangu. Lakini nisingeitika, ungeandika nini wewe? Na wewe ungepima damu ya nani?"

Wodi ikaita tena. Safari hii polepole, kama mtu anayesoma orodha. Siku ya sita tangu waitwe imefika, sindano iko mezani, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Je, nani alistahili?

Msinijibu mimi. Ila ninyi wakubwa wa makao makuu, mnaotuma sindano moja kwa watu watatu: njooni Mbalamo kabla jua halijazama. Simameni mbele ya mlango ule. Mseme wenyewe, kwa midomo yenu, ni wawili gani kati yao wasichomwe.