Mbao za Kupikia Chai

Tajiri Shemdoe alilibwaga mezani kwa fundi wa magitaa gitaa la babu yake, lililoundwa kabla ya vita vya pili vya dunia.

"Nataka ling'ae kama gari langu, la sivyo kibanda hiki ulichopanga kwangu nakifunga."

Fundi Chambuso alilipapasa. Lilikuwa limeungwa kwa gundi ya kale ya ngozi ya ng'ombe, ambayo mvuke wa birika tu huiachisha bila kuvunja mbao.

"Basi nitoe mbao zote kuukuu, bosi, niweke mpya?"

"Toa."

"Na hizo kuukuu?"

"Kapikie chai," Shemdoe alisema kwa dharau, wateja wakisikia.

Wiki iliyofuata aliondoka na gitaa la mbao mpya, boksi jekundu linalong'aa, lenye sauti ya debe, akijiona.

Siku chache baadaye alipita tena, akasikia gitaa tamu likilia kibandani.

"Hilo umelitoa wapi?"

"Ni zile kuni zako, bosi," Chambuso alijibu bila kuacha kupiga. "Nimeziunga tena. Chai nilipikia mkaa."