Nundu Haikatwi

Sogeeni, sogeeni. Leo siwaletei hadithi ya kulalia, nawaletea fundo. Mimi limenishinda, na sioni haya kusema. Na wewe unayetafuna mahindi hapo nyuma, tafuna taratibu, nataka unisikie.

Katika mji wa Kilangabwe, chini ya kilima chenye kambi ya jeshi, walikuwako watu watatu. Bi Sijaona, muuza uji, alikuwa na mdomo: jambo likimkera atalisema, hata mbele ya mkwewe. Koplo Mbelwa wa kambini alikuwa na jicho: hapiti penye kitu kilichokaa vibaya bila kusimama akakichungulia. Na Kapteni Ndimbo, mkuu wa kambi, alikuwa na kifua: akisema "nifuateni," tayari yeye yuko mbele.

Sasa shikeni desturi ya mji huo, maana fundo limo humo. Enzi za vita adui alivuka mto, na askari wa kambi ile wakamzuia pale kilimani. Wengi wamezikwa huko huko. Tangu hapo, kikosi kikipita, Kilangabwe nzima husimama kimya. Kinyozi anaacha mkasi hewani, mtoto anazibwa mdomo, mpaka askari wa mwisho apite. Ni heshima, na mimi siicheki. Anayeivunja hasalimiwi tena na mtu yeyote, wala sokoni hauzi.

Juu ya mji kulikuwa na bwawa lililozuiwa kwa tuta la udongo. Mwaka huo kambi ikaanza mazoezi ya mizinga karibu na tuta hilo. Kila mzinga ukilia, sufuria ya Bi Sijaona inacheza mafigani. Siku moja akapanda kuchota maji, akaona ufa. Akakimbia kwa mwenyekiti wa mji.

"Mama, yale ni mazoezi ya jeshi letu," mwenyekiti akamjibu. "Unataka mimi nikawafundishe kazi?"

Akawaambia majirani. Wakamrukia: "Bila jeshi ungekuwa hai wewe?"

"Kwani nimesema silipendi? Nimesema tuta lina ufa!"

Wapi! Hakuna aliyemsikiliza. Basi asubuhi moja kikosi kikawa kinapita sokoni, watu wote wamesimama kimya, na Bi Sijaona naye amesimama, upawa mkononi. Ghafla mdomo ukamponyoka. "Afande! Mizinga yenu inapasua tuta! Tutakufa maji sisi na watoto wetu!"

Mji mzima ukashika kichwa. Kapteni Ndimbo hakugeuka hata shingo. Saa sita uji ulikuwa umeganda sufuriani, hakuna aliyenunua. Dada yake wa tumbo moja akapita pale, Bi Sijaona akamwamkia, na dada mtu akatazama pembeni. Hapo ndipo alipolia.

Lakini Koplo Mbelwa alikuwa mstari wa nyuma, na maneno yale yalimwingia. Siku yake ya mapumziko akapanda kwenye tuta, akauona ufa, akaingiza mkono ukazama mpaka kiwiko. Akaenda kwa mkuu wake.

"Afande, yule mama hakusema uongo."

"Nani kakutuma kule?"

"Hakuna, afande."

"Basi usirudi. Mji huu unatuheshimu. Tukianza kukimbizwa na maneno ya sokoni, kesho tutaambiwa tuwaoshee vyombo."

Koplo akapiga saluti, akatoka. Na akarudi kule kule! Kila alipopata nafasi alijaza mchanga kwenye magunia ya kambi, akayabeba mgongoni, akayapanga kando ya tuta. Walipomkamata alikuwa na gunia begani. Akavuliwa mkanda, akatiwa mahabusu ya kambi, na habari ikatoka kwamba atafukuzwa jeshi kwa kukaidi amri.

Kisha mvua ikaja. Jamani, mvua gani ile! Mchana mweupe ukawa kama jioni, bwawa likajaa, na maji yakaanza kuchuruzika kwenye ufa. Mlinzi akapuliza filimbi. Kapteni Ndimbo akafika mbio, akayaona maji, akayaona na magunia yamepangwa vizuri kando. Sijui moyoni alijiambia nini. Ninachojua ni kwamba alivua shati, akasema "nifuateni," akaingia. Askari wakamfuata. Wakashikana mikono ndani ya maji mpaka kifuani, wakaziba ufa kwa migongo yao, huku wenzao wakipanga magunia. Gogo likaja na mkondo, likamvunja Kapteni mguu. Wakataka kumtoa, akawafokea: "Hatoki mtu hapa!" Akabaki mpaka gunia la mwisho likakaa mahali pake.

Kilangabwe ikapona. Hakufa hata kuku.

Sasa tuje kwenye nundu. Mji huo ukiponea chupuchupu, huchinja dume la ng'ombe, na nundu yake, ile nyama ya mgongoni, hupewa yule aliyeuponya. Anaila mbele ya watu wote, na tangu hapo kosa lake lolote limefutwa, mjini na kambini pia, maana tangu enzi za vita jeshi limeikubali mila hiyo. Ila nundu haikatwi. Hupewa mtu mmoja tu.

Na wote watatu wanaihitaji. Bi Sijaona akiikosa, atabaki mtu asiyeitikiwa salamu katika mji alimozaliwa. Koplo akiikosa, anavuliwa gwanda. Na Kapteni akiikosa, wakubwa wake wanakuja kumhukumu kwa mizinga ile aliyoamuru ipigwe karibu na tuta.

Siku ya siku watu wakajaa uwanjani, kelele mpaka basi.

"Apewe mama! Bila yeye nani angejua?"

"Kujua tu kunazuia maji? Apewe koplo, magunia ni yake!"

"Magunia yaliingia bwawani yenyewe? Kapteni kavunjika mguu kwa ajili yenu, hamna hata soni?"

"Na ufa ule nani aliupasua, kama siyo mizinga yake?"

Mchinjaji, Mzee Tindwa, akatokea na nundu kwenye sinia, inatoa moshi. Na wakati huo huo wageni waalikwa wakaingia: Kapteni Ndimbo kwa magongo, kikosi chake nyuma yake, na Koplo Mbelwa katikati ya walinzi wawili, hana mkanda.

Mnajua kilichotokea? Watu walinyamaza. Wote, kwa mazoea. Wakasimama wakisubiri askari wapite. Lakini askari hawakuwa wanapita, walikuwa wamealikwa! Wakasimama pale pale, na watu nao wakasimama, na mdomo wa kusema "mpe fulani" ukakosekana uwanja mzima. Mzee Tindwa anageuka na sinia huku, anageuka kule. Kapteni angeweza kuwaamuru askari wake waondoke ili watu waseme. Akafumbua kinywa, akakumbuka kwamba naye ni mmoja wa wanaoamuliwa, akakifunga. Koplo aliitazama nundu, akamtazama mama wa uji. Mafuta yakaanza kuganda kwenye sinia.

Ndipo sauti ikatoka kule mwisho, peke yake, ya mtu asiyesalimiwa.

"Nyie watu!" akasema Bi Sijaona. "Semeni basi!"

Hakuna aliyesema. Na wanasema nundu ile ikiganda yote, hapewi mtu, na kila mmoja anabaki na kosa lake.

Mimi nimefika hapo nikakwama. Lakini ninyi hapa hakuna kikosi kilichosimama mbele yenu, na ndimi mnazo. Mzee Tindwa amelinyanyua sinia, anawatazama ninyi. Alipeleke kwa nani? Haya, wewe wa mahindi, meza kwanza, kisha anza wewe.