Makopo Sita ya Krimu

Leo sitawabembeleza, wapendwa. Nimekuja na hasira, na mtanisamehe.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyependa kahawa yenye krimu ya unga, ile ya kopo. Vijiko vitatu kila kikombe, asubuhi na jioni. Siku moja daktari akampima, akamwambia, "Mzee, hiyo krimu ni mafuta na sukari tupu. Iache, au moyo utakuacha wewe."

Basi mtu yule akashika adabu. Akaenda dukani na miwani yake, akasoma maandishi ya kila kopo kama anayesoma hati ya shamba, mpaka mwenye duka akachoka. Akapata krimu ya lozi, isiyo na sukari. Ghali, lakini afya ni afya. Hapo simlaumu hata kidogo.

Nyumbani mkewe akamwuliza, "Na haya makopo sita ya zamani, niyatupe?"

"Utupe chakula? Mungu atatuuliza! Mpelekee mama."

Mmesikia? Mpelekee mama! Mama mwenye kisukari, ambaye dawa zake anazinunua yeye mwenyewe mwana. Na watu wakamsifu: jamani, mwana anayemkumbuka mamaye!

Miezi miwili ikapita, akaenda kumsalimu. Akamkuta mama amekaa kitini, mguu umefungwa bandeji, kidonda hakiponi. Hata hivyo akajikongoja hadi jikoni, maana mgeni hakai bila kikombe, akamletea mwanawe kahawa nyeupe pepepe.

Mwana akaisukuma pembeni. "Mama, nitilie kavu tu. Hiyo krimu daktari alinikataza."

"Alikukataza lini, baba?"

"Kabla ya Pasaka."

Mama akahesabu kwa vidole. Makopo yalimfikia wiki ya Pasaka yenyewe. Kisha akasema, "Nesi kila mara ananiuliza, bibi, unakula nini, mbona sukari haishuki? Nami namjibu, uji wangu, mboga zangu. Krimu sikuitaja. Nilijua haiwezi kuwa na ubaya, kwa sababu umeniletea wewe."

Je, mtu yule alijibu nini? Ninyi mngejibu nini? Mbona mmeinamisha vichwa?

Tusimcheke. Sisi ndio yeye! Kinachotudhuru tunakitoa mezani petu, tunakifuta vumbi, tunakiita sadaka. Tunajihurumia sisi, halafu tunampa maskini ugonjwa wetu na kungoja atushukuru. Na anatushukuru! Hilo ndilo linaloniuma. Anapokea kwa mikono miwili, hasomi maandishi, kwa sababu anatuamini.

Mungu hakusema mpende jirani yako kwa masalia ya nafsi yako. Alisema kama nafsi yako. Kama ulisimama nusu saa dukani ukichagua cha kuingia tumboni mwako, simama nusu saa nyingine kwa ajili ya tumbo la mwenzako.

Jana mimi na wazee wa kanisa tulifungua maboksi mliyoyaleta kwa ajili ya wajane. Tulikuta unga wenye wadudu. Tulikuta mafuta yanayonuka, na dawa za watoto zilizokwisha muda tangu mwaka juzi. Yote yako pale mlangoni. Sitataja jina la mtu. Lakini kabla hatujaimba wimbo wa mwisho, kila mmoja atoke, achukue chake, akakile nyumbani kwake.

Nasubiri.