Makofi Kaburini

Wapendwa, hebu mfikirieni kijana mmoja aliyejaliwa mbio. Alisoma sekondari ya kutwa katika mji wetu huu mdogo wa njia ya malori. Uwanja wa shule ile ulikuwa vumbi tupu, lakini kwenye vumbi hilo aliwaacha wenzake mpaka wakawa wanacheka kwa kukata tamaa. Alipochukua ubingwa wa mkoa, mji mzima ulimbeba mabegani, na akina mama wakamtandikia leso njiani. Mngekuwapo ninyi, mngefanyaje? Mngembeba vilevile.

Miaka ikapita, akagombea kiti katika bunge la kaunti. Jukwaani hakuhitaji maneno mengi. Alikimbia kidogo tu, kwa mzaha, akiwa na suti yake, watu wakashangilia na kura wakampa.

Basi likafika bungeni suala la uwanja ule. Tajiri mmoja aliutaka ajenge maduka, na tajiri huyo ndiye aliyekuwa amempa mheshimiwa magari ya kampeni. Mheshimiwa alizijua kona zote za uwanja kwa nyayo zake. Hata hivyo, wenzake waliponyoosha mikono kuridhia, aliinamisha kichwa, naye akanyoosha wake.

Mabati yakazungushwa. Wanafunzi wakahamia kando ya barabara kuu kufanya mazoezi. Miongoni mwao alikuwamo Kasyoka, binti mwembamba ambaye walimu walisema angefika mbali. Asubuhi moja lori lilikatika breki, likaacha lami, likamkuta anakimbia.

Mheshimiwa alipopata habari, aliacha chakula mezani. Alikuwa mtu, wapendwa, hakuwa jiwe. Siku ya maziko alikuja bila msafara, akaenda moja kwa moja kwa mama wa marehemu.

"Pole sana, mama."

"Asante, mheshimiwa." Mama akaendelea. "Nikuulize. Wewe ulipokuwa shuleni, ulikuwa unakimbia wapi?"

"Uwanjani, mama."

"Na mwanangu alikuwa anatafuta nini barabarani?"

Mama hakupandisha sauti. "Ukipewa nafasi ya kusema, waambie watu uwanja ulikwendaje. Sitaki kingine kutoka kwako."

"Nitawaambia," alisema, na alikusudia kweli.

Akaitwa. Akasimama karibu na kaburi.

"Ndugu zangu," akaanza, "ule uwanja wa shule, mimi ndiye..."

Sauti ikamkwama. Mzee mmoja kule nyuma, akidhani ni huzuni imemzidi, akasema kwa nia njema kabisa, "Huyu ndiye aliyetuletea ubingwa. Mpigieni makofi apate nguvu."

Watu wakapiga makofi, pale pale kaburini; mama peke yake hakupiga. Mheshimiwa akasikia hofu inamtoka, na pamoja na hofu, ile nia aliyokuja nayo ikamtoka pia.

"Ule uwanja wa shule," akasema, "mimi ndiye niliyekuwa nyota yake. Na Kasyoka naye alikuwa nyota kama mimi."

Akaketi. Mama akajifunika uso kwa leso. Udongo ukarudishwa. Maduka yalijengwa, mheshimiwa akachaguliwa tena, na neno lile hajalisema mpaka leo. Wanaomfahamu wanasema hapendi tena kupita barabara ile.

Sasa nawauliza, ni nani aliyemzuia mtu huyu asitubu? Mtasema ni Shetani. Msimsingizie upesi hivyo. Neno lilikwisha kufika mdomoni. Ni sisi tulioligeuza likarudi. Tajiri alichukua uwanja, mheshimiwa akanyoosha mkono, na sisi tukafanya nini? Tuliipenda miguu ya mtu huyu mpaka tukakataa kuusikia moyo wake. Ndivyo tunavyowafanyia viongozi wetu, na wachungaji wetu, mimi nikiwamo, na hata wana wetu nyumbani: mtu anaanza kuungama, sisi tunamkatiza kwa sifa, tukidhani tunamfariji. Kumbe tunamfungia ndani na dhambi yake, na funguo tunaondoka nazo.

Mpendwa, mtu akianza kuungama mbele yako, nyamaza. Mwache amalize, hata akilia. Na siku nyingine ukiinua mikono yako upige makofi, geuka kwanza utazame ni nani hapigi. Mwendee huyo, umuulize kwa nini.