Amani ya Rumaisa

Wapokezi wa habari za waja wema, Mola awarehemu, wanasimulia kwamba katika mji mmoja wa mpakani aliishi bibi mchamungu, jina lake Rumaisa. Alikuwa mtu wa swala na saumu, lakini moyoni ana donda: mumewe Ghalibu alikuwa amemwoa mke wa pili, Jumana, binti wa watu wa ng'ambo ya mto. Rumaisa alimwonea wivu hata kicheko chake. Akisikia bangili za Jumana zikilia chumbani, uradi humpotea ulimini, akaanza upya, ukampotea tena.

Kisha vita vikazuka baina ya mji ule na watu wa ng'ambo. Ghalibu akatoka na jeshi. Siku moja Rumaisa alikwenda ghalani kuchota mtama, akakuta wanawake wamejibanza nyuma ya magunia, na watoto wao, na kizee kipofu. Jumana, aliyekuwa pamoja nao, akamwangukia miguuni.

"Dada, ni jamaa zangu. Kijiji chao kimechomwa moto. Hakuna hata mmoja aliyeshika silaha."

Rumaisa akamwacha pale chini. Akarudi ukumbini, na shetani akakaa naye. Neno moja tu kwa askari, alijisemea, na nyumba itarudi kuwa yangu.

Alasiri ile ile askari wakabisha hodi, panga wazi, mbele yao Mus'abu, aliyekuwa ametoka kumzika nduguye.

"Bibi Rumaisa, wewe mtu wa dini, husemi uongo. Kuna maadui humu?"

Rumaisa akamtazama Jumana, aliyesimama mlangoni pa ghala, midomo imemkauka, uzuri wote umemtoka. Na Rumaisa, Mola amsamehe, akafurahi kidogo. Kisha akaiona furaha yake, akaionea haya.

"Watu wamo," akasema. "Maadui hawamo. Ni wanawake, watoto na kizee asiyeona. Nimewapa amani, wamo katika ulinzi wangu."

"Amani ya mwanamke?"

"Amani ya Mwislamu mmoja ni amani ya Waislamu wote. Kamuulize amiri wako. Na kabla hajajibu, atakayevuka kizingiti hiki ataanza na mimi."

"Wamemuua ndugu yangu!"

"Mola amrehemu, mwanangu. Aliyemuua alikuwa na upanga. Hawa hata maji ya kunywa hawana."

Mus'abu akalia, akaurudisha upanga alani. Amiri alipopata habari, alituma jibu: "Waliopewa amani na Rumaisa wamepewa nasi sote." Akaweka walinzi mlangoni, na mapigano yalipotulia watu wale wakavushwa mto salama.

Jumana akamwuliza, "Dada, hunipendi. Kwa nini hukuniangamiza?"

"Sikupendi, na Mola anajua. Lakini ninayemgombania nawe ni mume. Damu ya watu haimo katika ugomvi wetu."

Wasema wivu haukumtoka Rumaisa mpaka alipokufa. Basi, ndugu zangu, tumwombe Mola azisafishe nyoyo zetu. Na kabla hazijasafika, aizuie mikono yetu na ndimi zetu zisiwafikie wasio na hatia.