Vidole Vinne vya Osmundi Nyoni

Asiyelenga hachagui darubini. Maneno hayo yalitoka kinywani mwa mkunga wa zahanati, mbele ya kamati iliyonunua kitanda cha kuzalishia bila kumuuliza yeye lolote. Kitanda kilikuwa kimeinuka mno, mama mjamzito angelazimika kupanda kiti kwanza ndipo akifikie. Mkunga alikitazama, akasema methali hiyo moja, akatoka nje. Wajumbe wakanywea. Vijana waliokibeba kitanda hawakuelewa, maana pale Likangule hawajawahi kumwona mtu mwenye darubini. Wakaenda kwa Bibi Rozina Gama, wakamkuta anapepeta ufuta, wakamuuliza imetoka wapi.

Bibi Rozina akaweka ungo chini. "Imetoka katika shamba langu la mahindi," alisema, "na katika mguu wa kaka yangu. Kaeni. Na asicheke mtu kabla sijamaliza."

Methali hiyo, basi, ilianza hivi.

Miaka hiyo Likangule ilikuwa imezungukwa na pori pande tatu, na nyati walikuwa wakiingia mashambani kana kwamba wamealikwa. Kijiji kilikuwa na bunduki moja kubwa, iliyotolewa kwa kibali cha wilaya, na mlengaji mmoja tu aliyeaminiwa nayo, Osmundi Nyoni, askari wa wanyamapori wa kijiji. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameilinda mipaka ya mashamba, na hakuna mjane aliyemlilia kwamba alichelewa. Alikuwa na desturi yake moja ambayo watu waliiona kama wazimu mdogo: kila alipomwangusha mnyama, kabla mtu mwingine yeyote hajamkaribia, alihesabu hatua kutoka aliposimama yeye mpaka alipolala mnyama. Hesabu hizo alizitunza kichwani. Katika miaka yote kumi na tisa hakuna hesabu iliyovuka hatua sabini. Mahindi ni marefu na matete ni mengi, nani angeona zaidi ya hapo?

Lakini jicho nalo huzeeka. Osmundi alipofika miaka hamsini na miwili, ile nundu ndogo ya chuma ya kulengea iliyo mwisho wa mtutu ilianza kuingia ukungu. Alfajiri ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, na alfajiri ndiyo saa ya nyati. Hakuficha. Alikwenda mwenyewe kwa afisa wanyamapori wa wilaya, Bi Tatu Mkwepu, akamweleza. Bi Tatu akamwambia kijiji kitafute darubini ya kufunga juu ya bunduki kabla ya mahindi kukomaa, la sivyo itambidi amkabidhi bunduki mtu mwingine. Mtu mwingine mwenyewe hakuwepo.

Kijiji kilikuwa na fedha kidogo ya ushuru wa ufuta, na Osmundi aliitwa mbele ya kamati aseme anachohitaji. Alisimama akainua mkono, akaviweka vidole vinne kati ya jicho lake na kiganja cha mkono wa pili.

"Nahitaji kioo ninachoweza kuonea vizuri nikiwa mbali nacho kiasi hiki," alisema. "Vidole vinne. Bunduki hii ina teke la punda. Kioo kikikaa karibu, kitanipasua. Kikuze mara mbili, mara tatu, inatosha kabisa. Fedha itakayobaki inunue risasi kumi, nikailinganishe darubini na mtutu pale kwenye shimo la matofali."

Mwenyekiti wa kijiji, Burkadi Komba, alicheka. Alikuwa amepitia mgambo ujanani, na tangu hapo hakuna jambo la bunduki ambalo hakulijua, kwa mujibu wake mwenyewe. "Mara mbili? Kaka Osmundi, hata miwani ya mama yangu inakuza kuliko hiyo. Wewe kazi yako ni kufyatua. Mambo ya kununua tuachie sisi."

Basi wakaenda mjini, Burkadi na wajumbe wawili, na mlengaji wakamwacha kijijini akilinda mahindi. Muuzaji aliwawekea darubini mbili mezani. Moja ilikuwa fupi na nene, ya bei ya kawaida, ikikuza mara mbili hadi mara saba, na muuzaji aliwaambia waziwazi kwamba wenye bunduki kubwa huchukua hiyo. Nyingine ilikuwa ndefu kama mtwangio, inang'aa, ikikuza kuanzia mara nane hadi mara ishirini na nne, na bei yake ilikula fedha yote mpaka senti ya risasi. Mnajua waliyochukua. Na si kwamba walidanganywa. Mtu aliyedanganywa husamehewa. Wao waliambiwa, wakaona maneno ya muuzaji hayana fahari.

Waliporudi, darubini ilipitishwa mkono kwa mkono mlangoni pa ofisi ya kijiji kama ugoro. Hebu fikirini: watu wazima, chombo cha bunduki, nao hata hawakukiweka juu ya bunduki! Kila mmoja alikishika mkononi, akakibana jichoni, akaelekeza mlimani. "Naona msalaba wa kigango!" "Mimi naona mbuzi wa Egno, naona mpaka kengele!" Mjumbe mmoja alimwona mke wa jirani yake akianika muhogo ng'ambo ya bonde, akaomba aangalie tena. Wakapiga makofi. Osmundi alipopewa zamu yake, aliweka vidole vinne, akaona giza tupu. Akaviweka vitatu, giza. Akaweka viwili ndipo picha ikaja.

"Mwenyekiti," alisema, "hii itaniua mimi au itamuua mwenzangu."

"Shukuru kwanza," Burkadi akajibu. "Kijiji kimekununulia jicho, na wewe unanung'unika."

Wakamwita fundi aifunge. Darubini ilikuwa ndefu kupita kiasi, haikukaa, kwa hiyo fundi akaamriwa aking'oe kibao cha shabaha cha nyuma, kile cha kulengea kwa macho matupu, ili kupata nafasi. Osmundi alipinga hadi sauti ikamkauka. Kikang'olewa. Sasa hata kama angetaka kurudi kwenye macho yake mabovu ya zamani, hakuwa na pa kurudia. Na risasi za kujaribia hazikuwepo, zilikuwamo tatu tu za kazi.

Siku ya kumi na moja tangu darubini ifungwe, jua likiwa linachomoza, dume la nyati liliingia katika shamba la Rozina. Osmundi alikwenda na mwenzake wa miaka mingi, Fokasi Gama, kaka yake Rozina, aliyekuwa akishika mkuki na kumwangalizia kushoto. Walilikuta pembezoni mwa mahindi, limesimama hatua kama thelathini, linawatazama. Kwa mtu aliyelenga kwa miaka kumi na tisa, hatua thelathini ni kama kumkabidhi mtu kikombe.

Osmundi akainua bunduki. Ndani ya kioo akaona weusi. Weusi mtupu, manyoya na matope, umejaa kioo chote. Lilikuwa bega? Lilikuwa tumbo? Alisogeza mtutu kushoto, weusi. Kulia, akaona majani ya mahindi, kila jani limekuwa kubwa kama mkeka. Akapotea. Alimsikia Fokasi akinong'ona, "Piga, kaka, linageuka." Jicho lake lilikuwa vidole viwili kutoka kwenye chuma, kwa kuwa nyuma ya hapo asingeona kitu kabisa. Alijua kitakachomfika. Akafyatua.

Risasi iliingia kwenye kichuguu. Bunduki ilirudi nyuma na ukingo wa darubini ukampasua juu ya nyusi, damu ikamfunika jicho lote. Hakuliona dume likija. Fokasi aliliona. Alimsukuma mwenzake kando, akapiga kelele ili limfuate yeye, nalo likamfuata. Lilimtupa juu ya matuta na kumvunja paja, kisha likatokomea kwenye matete. Osmundi alimbeba Fokasi mgongoni hadi barabarani, damu yake ikidondoka juu ya mikono ya Fokasi iliyomzunguka shingo.

Na sasa sikilizeni aibu yenyewe. Fokasi akiwa bado hospitali, Burkadi aliitisha mkutano. Alisimama mbele ya kijiji kizima akasema, "Tumemnunulia darubini ya mara ishirini na nne. Mtu anakosaje nyati kwa hatua thelathini? Huyu ameogopa. Ameogopa, na uoga wake umemvunja Fokasi mguu." Akaandika barua wilayani, Osmundi anyang'anywe kitambulisho na bunduki. Kijiji kikaanza kumtazama Osmundi kwa pembeni. Wanawake waliokuwa wakimsalimia kwa furaha wakasalimia kwa haraka. Winfrida, mkewe, alirudi kutoka kisimani na ndoo nusu kwa kutovumilia maneno. Osmundi alikuwa na uzi wa hospitali juu ya nyusi na mwenzake alikuwa hajui kama atatembea, lakini kilichomnyima usingizi ni neno lile moja. Miaka kumi na tisa, na jina lake likawa Mwoga.

Bi Tatu Mkwepu alifika wiki ya sita na barua ya Burkadi mkononi. Fokasi naye alikuwa ameletwa, mguu umefungwa plasta, ameketishwa kwenye kiti. Bi Tatu aliisoma barua kwa sauti, kisha akaichukua bunduki na kuitazama kwa muda mrefu.

"Nani aliyeichagua hii?" aliuliza.

"Kamati," alisema Burkadi. "Na mimi binafsi. Ni ya hali ya juu, Bi Afisa. Ukitaka nitakuonyesha. Mimi ni mgambo. Tatizo si darubini, tatizo ni moyo wa mshikaji."

"Nionyeshe," alisema Bi Tatu.

Wakashuka wote kwenye shimo la matofali, Fokasi akibebwa kitini. Bi Tatu akaamuru kibuyu kiwekwe ukutani mwa shimo, akahesabu mwenyewe hatua thelathini, akawarudisha watu nyuma, akatia risasi moja. Burkadi akavua koti, akalaza shavu kwenye kitako. Mtu mmoja tu ndiye aliyesogea mbele, yule yule aliyeitwa mwoga.

"Mwenyekiti," Osmundi alisema, "rudisha jicho nyuma. Vidole vinne."

"Nikirudi nyuma sioni kitu."

"Najua."

"Basi niache nifanye kazi."

"Kibuyu unakiona?"

Burkadi alikitafuta. Mtutu ulikwenda kushoto, ukaenda kulia, ukarudi. Jasho likamtoka. "Naona udongo," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Udongo tu."

"Itoshe, Mwenyekiti," Osmundi akamwambia. "Iweke chini. Hakuna atakayekucheka."

Lakini kijiji kizima kilikuwa kinatazama, na Burkadi hakuwa mtu wa kuweka kitu chini mbele ya watu. Akasogeza jicho karibu zaidi, akafyatua.

Kibuyu kilibaki pale pale. Burkadi alikaa chini kwa makalio, na juu ya nyusi yake ya kulia palikuwa na mkato uliopinda kama mwezi mchanga, damu ikimwingia jichoni. Bi Tatu akamsogelea Osmundi, akamwinua uso kwa kidole, akaliangalia kovu lake. Kisha akauangalia mkato wa Burkadi. Vilikuwa kimo kimoja, mpindo mmoja, nyusi ile ile. Hapakuhitajika shahidi mwingine.

Hapo ndipo Fokasi aliposema kutoka kwenye kiti chake. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Asiyelenga hachagui darubini," kisha akaomba arudishwe nyumbani, mguu unamuuma.

Bi Tatu aliichana barua pale pale. Akamwita Osmundi mbele ya watu, akamkabidhi bunduki kwa mikono miwili, akawaambia kamati wairudishe shabaha ya chuma na watafute darubini nyingine, na safari hiyo mlengaji ndiye ataichagua. Waliokuwa wamemwita mwoga walikuwa wa kwanza kumpigia makofi. Osmundi hakuwatazama. Alikwenda upande wa pili wa kiti cha Fokasi, akashika mguu mmoja wa kiti pamoja na wabebaji, wakamrudisha nyumbani.

Bibi Rozina aliuchukua ungo wake, kisha akauweka chini tena.

"Kovu la Burkadi lilipona kwa wiki mbili," alisema. "Kaka yangu mmemzika mwaka juzi akiwa bado anachechemea, na Burkadi alihudhuria mazishi, akakaa mbele, na hakuwahi kusema nisameheni. Ile darubini waliiuza kwa nusu ya bei. Mguu hauuzwi wala haurudishwi." Akawanyooshea vijana kidole. "Nanyi mmekibeba kitanda kile kwa mabega yenu wenyewe. Mama akianguka kutoka juu yake, watasema nini? Watasema mkunga ni mzembe. Rudini sasa hivi, kabla hajapandishwa mtu. Kitoeni, mkamwulize mkunga anataka kimo gani, na akiweka mkono wake pajani kuwaonyesha, msicheke. Asiyelenga hachagui darubini."