Mshipi wa Zamharani

Katika mji wa Zamharani, wenye malango saba na visima vya maji matamu, alitawala Sultani Mudhafari bin Kausari, na uadilifu wake ulikuwa mkubwa, ila sheria zake zilikuwa nyingi kuliko paka wa sokoni. Na siku moja adhuhuri akaingia mjini humo msafiri aitwaye Taufiki bin Sudi, mwuza manukato, aliyekuwa njiani mwaka wa saba, na miguu yake imepasuka, na kanzu yake haifai hata kudekia, na moyoni hakuna haja iliyosalia ila moja tu: kumwona mama yake, Bi Mosi, kabla mmoja wao hajafa.

Na desturi ya Zamharani ni kwamba mgeni huvikwa nguo za mji kabla ya kupewa chakula. Basi akapelekwa kwa Bi Raihana, mjane tajiri aliyekuwa na zamu ya wageni, naye akamtolea suruali ya hariri, na kizibao cha nyuzi za dhahabu, na joho la marehemu mumewe. Taufiki akavivaa kimoja kimoja na kila kimoja kikamlemea, maana kwa aliyechoka hata hariri ni mzigo. Alipojitazama kiooni akamwona bwana mmoja wa heshima asiyemfahamu. Raihana akanyoosha mkono amfunge mshipi. Lakini kwao Taufiki mwanamume hashikwi kiuno na mke asiye wake, basi akarudi nyuma kwa haya, akaupokea, akajifunga mwenyewe.

Hapo ndipo alipojiponza. Kumbe Zamharani mgeni hufungwa mshipi na mwenyeji wake, na ajifungaye mwenyewe amekula kiapo kuwa mume wa nyumba ile, na havuki tena lango la mji mpaka kufa. Waliosema ukienda kwa wenye chongo fumba lako jicho, hawakusema ufumbe yote mawili.

Wakafikishwa mbele ya Sultani, na Raihana akashuhudia kwa haki kwamba mgeni hakujua, na kwamba yeye hataki mume wa kunaswa. Taufiki akapiga magoti.

"Ewe mfalme wa zama, sikuja kuoa wala kutajirika. Nina mama, naye ni mzee. Nimechoka, bwana wangu. Niache nifike kwetu."

Sultani akasema, "Sheria haiulizi kama mtu alijua au hakujua, na mimi pia yanitawala. Lakini ndani ya mshipi huo yumo jini, naye humtumikia aliyeufunga mara moja tu. Mwite."

Taufiki akausugua mshipi, na jini akatoka, mrefu kupita nguzo za baraza, huku akipiga miayo, kwa kuwa alikuwa ametumikia waume wa Zamharani miaka elfu na amechoka kuliko wote waliokuwapo. Akasema kwamba kumtoa mtu mjini hawezi, ila kumletea kimoja kutoka popote aweza. Na waliotangulia walitaka lulu na majumba.

"Niletee mama," akasema Taufiki. "Umbebe taratibu. Na akikataa kuja, mwache."

Kabla jicho halijapepesa, Bi Mosi alikuwa amesimama barazani, na mwiko mkononi. Akamwona mtu wa joho na dhahabu akimjia mbio, naye akavuta ushungi, akakunja magoti yake yaliyozeeka.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Nimeambiwa mwanangu yuko hapa. Tafadhali, usimdhuru."

Na katika miaka saba ya jua na njaa hakuna kilichomwuma Taufiki kama salamu ile. Akaketi sakafuni mbele ya wakuu wote, akanyoosha miguu yake iliyopasuka, na machozi yakamtoka. Bi Mosi akaitazama miguu, akauweka mwiko chini, akakishika kidole kimoja kilichopinda.

"Kidole hiki nilikikanda mimi," akasema. "Mbona umekonda hivi, baba?"

Taufiki akalala siku tatu, na mama yake ubavuni. Baada ya siku arubaini Raihana, aliyekuwa amempenda mkwewe kabla ya kumpenda mume, akaridhia ndoa kwa hiari yake, na mali yake ikawa yao wote, na jini akarudi kulala.

Basi enyi msikilizao, ugenini ulizeni kabla ya kufunga mshipi. Na jueni kwamba joho zuri humpatia mtu salamu za mji mzima, wala halimpunguzii uchovu, mpaka apatikane mmoja wa kumwambia amekonda.